Vifuniko vya Kupunga Upepo

Msianze kukonyezana. Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na mwenye kudhani anaijua ni shauri yake na nafsi yake. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Wananchi wake wana furaha kwa sababu ipo sheria, na viongozi wake hawakosei kwa sababu ipo sheria nyingine. Kwenye ngao ya taifa pana picha ya kuku aliyeridhika, na chini yake maneno matatu: Bendera Hufuata Upepo. Chama kinachotawala ni kimoja tu, ili watu wasichoke kuchagua, nacho kinaitwa Chama cha Upepo Mwanana.

Juu ya kilima kimoja cha nchi hiyo palikuwa na nyumba ya wazee iitwayo Pumzikeni. Vimbunga vikitoka baharini, hapo ndipo vilipokuwa vinapiga hodi kwanza. Nasema vimbunga kwa kuwa mimi si raia wa huko. Raia wa Shwari halitamki neno hilo. Kila asubuhi Idara ya Hali ya Hewa hutangaza redioni kwamba hali ni shwari, na panapotokea la kutokea, huwa na jina lake rasmi. Kile cha mwaka juzi, kilichong'oa paa la bweni la wanaume na kumwangushia marehemu Mzee Kibwana tofali la kichwa, kiliitwa "upepo mchangamfu".

Katika nyumba hiyo aliishi Bi Kidawa, mpiga chapa mstaafu wa Ofisi ya Nyaraka za Taifa. Alikuwa amepiga chapa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukosea herufi hata moja. Hilo alikuwa akiliambia kila mgeni, kabla hata mgeni hajapata kiti. Alipostaafu walimpa taipureta yake aondoke nayo, kwa sababu ilikuwa imeharibika kitufe cha mshangao na serikali ya Shwari haiwezi kuandika barua bila mshangao.

Alilala chumba kimoja na shoga yake, Bi Shemsa, ambaye miguu yake ilishakataa kazi. Kitanda cha Bi Shemsa kilikuwa chini ya dirisha la nne, na hakikuweza kusogezwa kwa kuwa kilikuwa kimeandikishwa wizarani kama "kitanda cha dirisha la nne". Ule upepo mchangamfu ulimrushia vioo usoni. Tangu siku hiyo, majani yakitikisika tu nje, Bi Shemsa hunyoosha mkono na kusema:

"Kidawa, nipe kofia yangu."

Kofia yenyewe ilikuwa sufuria ya uji. Bi Shemsa aliivaa kichwani, akaishika masikio kwa mikono miwili, akafumba macho. Watu wengine walicheka. Bi Kidawa hakucheka hata siku moja. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba msimu mwingine wa upepo hautamkuta mwenzake amelala na sufuria kichwani.

Ndiyo maana wazee walipoitisha mkutano wa kuchagua vifuniko vya madirisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Msemaji alikuwa Mzee Chande, seremala mstaafu, mtu mkali ambaye hata uji aliunusa kama anayekagua ubao.

"Mabati membamba sitaki kuyasikia," alisema. "Upepo ukiyabandua yatatukata shingo. Plastiki ni ya kufunikia maandazi. Ninyi mnataka mvule! Inchi mbili, bawaba za chuma, na komeo linaloingia ukutani. Hapo upepo utapiga, utachoka, utakwenda kwao."

Wote wakakubali mvule papo hapo. Kisha wakagombana siku mbili juu ya rangi, wengine wakitaka buluu na wengine kijani, na wawili hadi leo hawasalimiani. Siku ya tatu Bi Kidawa akaketi kuiandika barua kwenda Wizara ya Upepo na Utulivu: wazee ishirini na saba wanaomba vifuniko imara vya madirisha kumi na manne, vya kupinga upepo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana balaa lote limo humu. Kwenye taipureta, herufi u na herufi i ni majirani wa ukuta mmoja. I hupigwa na kidole cha kati, u hupigwa na cha shahada. Siku hiyo kidole cha kati cha Bi Kidawa kilikuwa kimevimba kwa baridi yabisi, na cha shahada, kwa ujirani mwema, kikajitolea kumsaidia. Barua ikaenda.

Jibu lilirudi baada ya siku tatu. Katika Shwari, barua hujibiwa baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo nyumba nzima ilijua kuna jambo.

"Ombi lenu la vifuniko vya kupunga upepo," iliandikwa, "limepokelewa kwa nderemo. Tangu nchi hii ijitawale, hakujatokea wananchi walioomba kitu kinacholingana hivi na falsafa ya Chama chetu. Mtukufu amesomewa barua yenu, akatabasamu kwa dakika mbili."

Bi Kidawa alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasoma tena. Kupunga. Akatoa nakala yake kwenye sanduku, akaitazama: kupunga vilevile. Miaka thelathini na minne, jamani! Aliikunja nakala hiyo akaitia kifuani, asimwambie mtu.

Wizara ikaunda Kamati ya Uteuzi ya watu kumi na mmoja, chini ya Mkaguzi Mkuu, Bwana Sijaona. Hilo ni jina lake halisi, alilopewa na wazazi wake, wala msinitie maneno kinywani. Kamati ilihamia kwenye hoteli moja milimani, kwa kuwa huko ndiko upepo wa kupunga uliko. Kila kifuniko kilichopendekezwa kiliwekwa dirishani, na wajumbe wakaketi nyuma yake kwenye viti vya kulalia, vifungo vya mashati vikiwa wazi, wakapima. Mjumbe aliyepitiwa na usingizi alihesabiwa kuwa amekipa kifuniko alama ya juu. Kazi hiyo nzito iliwachukua wiki sita.

Mzee Chande alikuwa amepeleka sampuli ya mvule, aliyoiranda kwa mikono yake mwenyewe. Ilirudishwa na ripoti: "Kibao hiki hakipitishi upepo hata chembe. Kamati ilikaa nyuma yake saa nzima bila kuburudika. Kibao kimeonyesha upinzani."

Kilichoshinda kilikuwa mkeka wa ukili, uliosukwa kwa nakshi, wenye matundu mia nane.

"Mia nane!" alipiga kelele Mzee Chande, mshipa wa shingo umemsimama. "Hicho ni kifuniko au chekeche? Nani kawaambia sisi tunataka kupunga upepo? Hapa kilimani tunaupunga mpaka unatung'oa meno!"

Nakala ya barua iliyopelekwa idara ya tiba nayo ilikuwa imefutika herufi moja njiani, ikasomeka "vifuniko vya kupunga pepo". Basi akatokea mganga wa serikali, amefunga tai, ana ngoma mbili na chetezo, akayapunga pepo madirisha yote kumi na manne. Dirisha la tisa lilikataa kupanda pepo, akaliandikia barua ya onyo. Wazee walimpa chai akaondoka.

Usiku wa siku ile Bi Kidawa hakupata lepe la usingizi, na kulipokucha akamweleza shoga yake kila kitu. Alilia kama mtoto. Bi Shemsa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndiyo hilo tu? Mimi nilidhani umeniibia. Nenda ukawaambie. Herufi ni moja, haina uzito."

Akaenda. Ofisini kwa Bwana Sijaona alisimama mlangoni, kwa kuwa katika Shwari shikamoo huenda kwa cheo, haiendi kwa umri.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema bibi wa miaka sabini na mmoja.

"Marahaba," alijibu mtu wa rika la kitindamimba wake. "Mmeshaanza kuufurahia mradi?"

"Nimekuja kusahihisha herufi, Mheshimiwa. Kwenye barua yetu. Palipoandikwa kupunga, ilitakiwa iwe kupinga."

Bwana Sijaona aliinuka. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akaigeuza picha ya Mtukufu itazame ukutani.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "lirudie hilo neno mara moja, halafu usilirudie tena maishani."

"Kupinga."

"Kupinga nini?"

"Upepo."

"Upepo upi? Maana humu nchini upepo ni mmoja, na una kadi na bendera. Leo mnapinga upepo, kesho mtapinga nini? Mvua? Mvua iko chini ya wizara nyingine, na waziri wake ni mkali kuliko wetu."

"Ni mimi niliyekosea, baba. Kidole kilikuwa kimevimba. Mimi mwenyewe nimekuja kukiri."

"Barua ikishagongwa muhuri wa kupokelewa, ni waraka wa serikali," alisema Bwana Sijaona. "Waraka wa serikali hauna kosa la herufi. Haujawahi kuwa nalo. Ukisema una kosa, basi ama wewe ni mwongo, ama serikali ni mwongo. Chagua, niandike."

Bi Kidawa alichagua kunyamaza. Alipofika mlangoni, uchungu ukamshinda, akageuka. "Mheshimiwa, kuna mgonjwa kitanda cha dirisha la nne. Hawezi kukimbia."

"Basi huyo ndiye atakayeburudika kuliko wote," alisema Bwana Sijaona, na akamtakia safari njema. Bi Kidawa akarudi, akawasimulia wenzake habari za kidole na za ofisini.

Mikeka ikaletwa, ikatundikwa. Wizara ikatangaza kwamba Waziri mwenyewe atakuja kuizindua. Hapo likazuka jambo la jukwaa. Mheshimiwa Waziri alikuwa na kilo mia na arobaini bila kuhesabu vyeo, na majukwaa mawili yalikuwa yameshamsaliti hadharani mwaka ule. Wataalamu wa wizara wakamfuata Mzee Chande kumwomba ushauri.

"Mti gani usioshindwa, mzee wetu?"

"Mvule," alisema Mzee Chande huku akisaga meno. "Inchi mbili. Lakini si mlisema mvule una upinzani?"

"Ukiwa dirishani," walimwelimisha. "Ukiwa chini ya Waziri, unakuwa mzalendo."

Basi malori mawili ya mvule yakapanda kilima, likajengwa uani jukwaa pana ambalo lingeweza kubeba Baraza zima la Mawaziri likicheza ngoma. Wazee walilitazama kupitia matundu mia nane ya mikeka yao.

Siku ya uzinduzi, redio iliamka ikasema hali ni shwari. Saa tatu asubuhi mbingu upande wa baharini ikawa nyeusi kama sufuria ya shuleni. Saa tatu na nusu bendera zilizopangwa njiani zilikuwa zinafuata upepo kwa utiifu mkubwa, nyingine zikiufuata moja kwa moja mpaka bondeni. Msafara wa Waziri ulifika chini ya kilima, ukatazama juu, ukageuza magari. Bendi ya tarumbeta nayo ikakumbuka ina msiba mahali. Uani wakabaki wazee peke yao na jukwaa.

Ndani, mkeka wa dirisha la nne ulikuwa unapiga makofi.

"Kidawa," Bi Shemsa aliita. "Nipe kofia yangu."

Bi Kidawa aliishika sufuria. Aliitazama, akamtazama mwenzake na lile kovu la kwenye paji la uso. Kisha akatazama nje.

"Hapana," alisema. "Leo huivai." Akatoka barazani, akapiga ukelele ambao hata yeye hakujua bado anao: "Mzee Chande! Inchi mbili zako zile pale!"

Mzee Chande alilitazama jukwaa, uso wote ukamfunguka. "Loo! Nyundo yangu iko wapi?"

Jamani, mngewaona. Watu ishirini na sita, wenye magoti ishirini mazima kwa jumla, wakalivamia jukwaa la serikali. Mikongojo ikawa mitaimbo. Ubao mmoja ulibebwa na wazee sita, wawili wao wakiwa ni wale wasiosalimiana kwa ajili ya rangi, na hata hapo walikataa kusalimiana ila walibeba. Mzee Chande aliwatukana wote kwa usawa, akapigilia. "Dirisha la nne kwanza!" alikuwa akipaza sauti Bi Kidawa. "La nne kwanza!" Msumari wa mwisho wa dirisha la kumi na nne uliingia wakati bati la jiko likiaga.

Kimbunga kilipiga kwa muda wa saa tatu. Kilipiga, kikazunguka nyumba, kikarudi kupiga tena. Mvule uliguna lakini haukutoka. Bi Kidawa alikaa kitandani kwa Bi Shemsa, wameshikana mikono gizani mchana kweupe, na kila ubao ulipolia Bi Shemsa alikuwa akiuliza, "Umekwenda?" na Bi Kidawa akajibu, "Haujaenda, upo." Mikeka ya ukili yote kumi na minne iliruka ikaenda zake, na nadhani hadi leo inapunga.

Kulipotulia wakajihesabu. Ishirini na saba. Wakajihesabu tena kwa raha tu.

Kesho yake alikuja Bwana Sijaona, kwa miguu, shati limetoka nje. Wizara yake haikuwa na paa. Picha ya Mtukufu ilikuwa imeokotwa kwenye shamba la mihogo. Alipofika uani hakulikuta jukwaa, akainua macho akayakuta madirisha, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Bwana Sijaona akaona.

"Mmepinga upepo!" alisema, akishika kichwa. "Hadharani! Kwa mbao za serikali!"

"Tuko hai, mwanangu," alisema Bi Kidawa.

"Hilo litazidisha adhabu. Kwa kupinga, nyumba hii itafungwa, na ninyi mtagawanywa kwenye magereza mbalimbali. Madirisha ya huko ni madogo, mtayapenda." Akaangaza huku na huku. "Nahitaji maelezo yenu ya kukiri, yaliyopigwa chapa. Mashine za wizara zimeruka zote. Nani hapa anajua kupiga chapa?"

Bi Kidawa akajifunga kanga vizuri, akaleta taipureta, akaketi.

Bwana Sijaona akamsomea imla huku akitembea, mikono mgongoni: "Sisi wazee ishirini na saba wa Pumzikeni, tukiwa na akili timamu, kwa hiari yetu na kwa kauli moja, bila kushawishiwa na mtu, tulipinga upepo. Nukta. Umeandika?"

"Naandika, Mheshimiwa."

Kidole cha kati siku hiyo kilikuwa kizima, hakina hata dalili ya uvimbe. Kilikuwa kimeshafika juu ya i, kikisubiri. Bi Kidawa alikitazama, akawaza miaka thelathini na minne, akakikunja. Akanyoosha cha shahada.

Bwana Sijaona akasaini bila kusoma, kwa kuwa katika Shwari kiongozi anayesoma kabla ya kusaini huonekana hajiamini. Akagonga muhuri mara tatu.

Baraza la Utulivu liliketi Jumatatu kuwahukumu wazee, nao wamepangwa mbele yake, redio ikirusha moja kwa moja nchi nzima. Mwenyekiti alivaa joho, akakohoa, akausoma waraka kwa sauti ya kutisha mpaka alipofika mwisho: "...kwa hiari yetu na kwa kauli moja, bila kushawishiwa na mtu, tulipunga upepo." Akaangalia juu. "Walipunga upepo?"

"Wazee hawa," akanong'ona mjumbe mmoja, macho yamemlenga machozi, "siku ile, wakati wengine..."

Bwana Sijaona alisimama, jasho linamtiririka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, pana kosa dogo la herufi."

"Kosa?" Mwenyekiti alimwonyesha karatasi. "Kwenye waraka wa serikali? Hii saini ni ya nani? Na mihuri hii mitatu?"

Bwana Sijaona aligeuka akamtazama Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuwa anatazama kucha zake.

"Hakuna kosa," alisema Bwana Sijaona, na akaketi.

Wazee wakapigiwa makofi na kupewa cheti cha uzalendo. Idara ya Hali ya Hewa ikathibitisha kwamba siku ile palikuwa na upepo wa kupunga tu. Kuhusu mbao za mvule, Baraza lilipata shida kidogo, kwa sababu kama hapakuwa na kimbunga basi hapakuwa na sababu ya jukwaa kuondoka. Mwishowe ikaandikwa kwamba jukwaa nalo limekwenda kupunga upepo, na likirudi lipokelewe. Hadi leo linasubiriwa. Mbao zipo madirishani, zina bawaba na makomeo, na kila mkaguzi anayepita hazioni.

Walipokuwa wanarudi kilimani, Mzee Chande alimkaribia Bi Kidawa. "Kidole tena, bibie?"

"Kidole tena," alisema Bi Kidawa. "Sasa ni makosa mawili. La kwanza lilinitoa machozi. Hili la pili nitakufa nalo nikicheka."

Bi Shemsa aliwasubiri kitandani. Akasimuliwa yote, akaomba asimuliwe tena pale pa mihuri mitatu. Nje upepo wa kweli ulikuwa umeanza kuinuka, majani yakitikisika, ubao wa dirisha la nne umetulia. Bi Shemsa akaingiza mkono chini ya mto, akaitoa ile sufuria, akampa mwenzake.

"Irudisheni jikoni," alisema. "Mwaka wa pili huu mnanipimia uji kidogo mkisingizia sufuria kubwa haipo."